Aliyekalia mbuzi hasemi uongo

Kuna nyumba ambazo watoto hupiga soga wakati wa kula. Yangu haimo. Chakula cha jioni tunakula mkekani, maana meza imeshamezwa na madaftari, pasi na nguo za shule, na hapo mkekani wanangu hawana muda wa maneno. Uliza "Shule ilikuwaje leo?" utajibiwa "nzuri" na mdomo uliojaa ugali. Ongeza swali la pili, uone mtu anavyokumbuka ghafla kwamba hajanawa miguu.

Lakini mchukue mtoto huyohuyo, mkalishe juu ya mbuzi ya kukunia, mpe nusu ya nazi mikononi na sinia chini, halafu mpe mgongo ujifanye unachambua mchele. Hata nazi haijafika nusu, habari zimeanza kumwagika. Nani kapigana na nani, mwalimu yupi kakasirika, kalamu mpya imekwenda wapi. Mimi sisemi kitu. Naitikia tu "enhe" na "kumbe", nachambua mchele ambao ulishachambuliwa tangu asubuhi.

Nimejiuliza sana sababu. Nadhani ni kwa kuwa mtu anayekuna nazi hawezi kukutazama usoni. Macho lazima yawe kwenye yale meno ya chuma, la sivyo kidole kitaingia kwenye mchuzi. Halafu kuna ile sauti, krr krr krr, inayoziba ukimya wote ambao ungemtia mtu aibu. Wazazi tuna tabia ya kumwita mtoto, kumsimamisha mbele yetu na kumwambia "nitazame machoni, sema ukweli". Nani ataweza kusema ukweli akiwa kasimamishwa hivyo? Hata mimi ningedanganya.

Wa kati ndiye msema sana. Yuko darasa la nne, na wiki hii kaniletea hii, bila hata kuulizwa:

"Mama, leo mwalimu ametuuliza kazi za wazazi wetu."

"Enhe."

"Nimesema baba anauza vifaa vya ujenzi."

"Vizuri. Na mimi?"

Krr, krr, krr.

"Nimesema wewe unafoka."

Nikaweka ungo chini. Akaona ni bora afafanue: "Si kila siku, Mama. Nimewaambia na Jumapili unapumzika." Darasa zima walicheka, anasema, na mwalimu naye kacheka mpaka akatoka nje. Sasa mimi nitahudhuria vipi kikao cha wazazi?

Baba watoto, ambaye nia yake huwa njema siku zote, alileta blenda. Akasema nisiteseke na mbuzi kama wazee wa zamani, nikate nazi vipande, nitie maji, nibonyeze, tui tayari. Ni kweli, tui linapatikana, ingawa mimi naliona lina povu na halina ile harufu. Jioni hizo za blenda chakula kiliiva mapema, na mimi sikujua lolote linaloendelea duniani. Ile mashine inanguruma, mtoto kakaa sebuleni, siri zake kakaa nazo. Basi blenda nikaipa kazi ya juisi ya embe na ukwaju, na mbuzi ikarudi kazini. Baba watoto akidhani naogopa bili ya umeme, sikumsahihisha.

Nazi yenyewe ina utaratibu wake, na kila hatua ina ugomvi wake. Kuvunja ni kazi ya mkubwa, kwa mgongo wa panga, mapigo mafupi huku akiizungusha mkononi. Maji yake yana foleni: wa kwanza kitinda mimba, kwa sababu analia vizuri kuliko wenzake. Kukuna ni zamu, na zamu inabishaniwa. Kisha nachuja: la kwanza, kasimile, naliweka pembeni kwenye bakuli lenye kifuniko, maana kuna vidole vidogo vinavyopenda kupita humo, la pili na la tatu ndiyo ya kuchemshia. Kasimile linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, mwiko unakwenda taratibu bila kusimama. Ukichoka kidogo tu au ukageuka kumkaripia mtu, tui linakatika, na mchuzi unabaki na madonge juu na maji chini. Ndiyo maana dakika hizo tano za mwisho ndizo amani pekee ya watoto katika nyumba hii. Wanajua siwezi kugeuka. Ugomvi mkubwa wote wa kwetu hutokea kasimile likiwa jikoni.

Sasa hivi hapa Lindi ni msimu wa korosho, na mwenye watoto anajua maana yake. Mashati meupe ya shule yanarudi na madoa ya bibo, ambayo sabuni huyasalimia tu na kupita. Jumatatu wa kati aliingia midomo imevimba, ngozi imebanduka pembeni, kaweka mkono mdomoni kama mtu mwenye jino.

"Umetafuna korosho mbichi na ganda lake?"

"Hapana. Mbu."

"Mbu kakuuma mdomo wa juu na wa chini?"

"Walikuwa wawili."

Nikamwachia na mbu wake. Jioni zamu ya mbuzi ikamfikia, na kabla nazi haijaisha mambo yote yalikuwa hadharani: walikuwa wanne, chini ya mkorosho wa jirani, na walishindana nani ataweza kupasua ganda bichi kwa meno. Utomvu wa ganda lile unaunguza ngozi kama moto. Ndiyo maana watu wazima tunazichoma kwanza kwenye bati juu ya moto, tena tukiwa upande ambao moshi hauendi, ndipo tunazigonga. "Nani alishinda?" nikauliza. Akanyamaza kidogo. "Mimi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba na ushindi kwa pamoja.

Kisamvu ndiyo vita nyingine. Mimi nakipenda kilivyopikwa kwetu: majani yaliyotwangwa yakalainika, yakachemshwa sana mpaka ukali wote uishe, halafu korosho zilizosagwa na tui, kikaliwa na ugali wa makopa. Wanangu wanakitazama kana kwamba nimewapakulia nyasi za uwanjani. Basi nikakumbuka Tendaguru.

Kilima hicho kimo mkoani mwetu hapahapa, ndani huko kaskazini-magharibi mwa mji. Wajerumani walichimbisha mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, pale kati ya 1909 na 1913, na wazee wetu ndio waliochimba na kuibeba mifupa hiyo kwa miguu, mizigo na mizigo, hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Watoto wa Lindi wote wanamjua, na wote wanauliza swali lilelile, lini atarudi. Mimi sikuwa na jibu la swali hilo, ila nikaona nafasi yangu.

"Mnajua yule mjusi alikuwa anakula nini?"

"Watu," akasema kitinda mimba, ana miaka minne na ana matumaini makubwa.

"Majani. Majani matupu. Na mmeona alivyokua?"

Kimya. Nikajiona nimeshinda. Nikamsogezea kila mmoja sahani yake. Wa kati akakitazama kisamvu, akanitazama mimi.

"Halafu akafa," akasema.

"Kila kiumbe kinakufa, mwanangu."

"Ndiyo, lakini yeye alikufa na ukoo wake wote. Simba anakula nyama na bado yupo."

Mkubwa akacheka mpaka akapaliwa. Nikasema mijusi wale walikula majani bila tui ndiyo maana, na nikawaambia wale kabla hakijapoa. Walikula, sitasema kwa furaha.

Huyo mkubwa sasa ni habari nyingine. Yuko kidato cha pili, na tangu mwaka uanze maneno yake yamepungua, akibaki na "sawa" na "nimesikia". Hata mbuzi haikumfungua. Anakuna kwa kasi, nyama nyeupe tupu bila kugusa ile ya kahawia, anaosha mikono, anaondoka. Ana mkono wa kazi kuliko mimi na nimeshamwambia. Juzi nilikuwa napika vibua vya nazi, nikamwomba akune nazi nyingine. Akakaa, akaanza, taratibu kuliko kawaida yake. Kasimile lilikuwa limeingia, niko na mwiko.

"Mama."

"Enhe."

"Wewe ulijuaje kama unampenda baba?"

Kama kuna mtu aliyewahi kutaka kugeuka duniani, ni mimi jikoni kwangu jioni ile. Nilitaka kujua sura yake ikoje, nilitaka kujua ni nani, anakaa mtaa gani, ni mwanafunzi au ni hawa vijana wa bodaboda pale stendi. Maswali yote yalinijaa kifuani. Mwiko ukaendelea kuzunguka. Nikasema, "Alikuwa ananichekesha. Na alikuwa hana haraka." Nazi ikakunwa. "Hana haraka ya nini?" akauliza. "Ya kitu chochote," nikasema. Akafikiri. "Basi sawa," akasema, na hiyo "sawa" haikuwa ile ya siku zote. Akachukua kifuu kingine hata sijamwomba. Tui halikukatika, na sitaeleza hapa nilivyolala usiku huo.

Jumamosi mama mkwe akashuka kutoka kijijini na kiroba cha korosho, makopa, na furushi la ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, ikiwa bado na joto ndani ya majani. Nyumba ikabadilika. Bibi akifika sheria zangu zote zinakwenda likizo. Wa kati anaitwa "mume wangu", mkubwa anaitwa "mke mwenzangu", na utani unaanza mlangoni hata mzigo haujatuliwa.

"Mume wangu, midomo imekuwaje? Umembusu nani?"

"Mbu, Bibi," akasema mume, akiwa bado na msimamo wake wa Jumatatu.

"Wa mkorosho huyo," akasema bibi, "namjua." Akaomba mafuta ya nazi, akampaka mwenyewe.

Kitinda mimba akakaa miguuni pake wakimenya ming'oko, chumvi na pilipili pembeni, na hakumwona mama yake tena siku hiyo.

Jioni nikasema mama apumzike, amesafiri. Akakataa. Akavuta mbuzi, akakaa, akafunga kanga kiunoni, akachukua nazi. Nikashika ungo wangu. Kwa kweli sikuwa nimepanga lolote, mazoea tu. Akakuna kidogo, halafu akaanza:

"Huyu mume wako unayemwona anawakaripia watoto waache kuchagua chakula."

"Enhe, mama."

"Kisamvu alikuwa hali. Anakificha kwenye mfuko wa kaptula. Mimi nafua nguo, natoa madonge ya kisamvu mfukoni. Baba yake kidogo ampeleke kwa mganga, akidhani mtoto karogwa."

Watoto walikuwa wamekaa mlangoni wote watatu. Sikujua saa ngapi walifika. Wa kati aliuliza kwa upole sana, upole ambao sijawahi kuupata kwake, "Bibi, mfuko wa kulia au wa kushoto?"

"Yote miwili."

Baba watoto akarudi kutoka dukani giza limeshaingia, akamwamkia mama yake, akanawa, akakaa mkekani. Kwenye sinia kulikuwa na ugali wa makopa na kisamvu cha korosho, tui lake zito, kama anavyokipenda siku hizi. Akakuta watoto wamekaa kimya wakimtazama kiunoni.

"Mbona hamli?"

Hakuna aliyejibu. Mkubwa aliangalia dari. Bibi alijishughulisha na pilipili. Mimi nilikuwa natafuta kijiko ambacho nilikuwa nimekishika.

Kitinda mimba ndiye aliyemhurumia. Akamsogelea, akamwekea mkono begani.

"Kula, Baba," akamwambia. "Mjusi alikula majani yake yote mpaka akafika Ujerumani."