Seli Zilizolewa

Majirani kule Tanga walipomuuliza mama mwanawe anasomea nini Uingereza, aliwajibu "mambo ya dawa". Ukweli aliujua: nilikuwa nasomea bangi. Si THC, ile inayopanda kichwani, ambayo ilitambuliwa tangu 1964, bali ndugu zake wasiotajwa sana. Wangu alikuwa kanabigeroli, CBG. Asidi yake ndiyo malighafi ambayo mmea huitumia kutengenezea THC na CBD, ndugu mwingine asiyelevya, kwa hiyo kwenye bangi iliyokomaa hubaki kidogo tu.

Seli nilizozifanyia majaribio asili yake ni saratani ya mtoto wa kike wa miaka 4, iliyochukuliwa Marekani mwaka 1970. Hadi leo zinagawanyika. Ukizipa asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A, siku kadhaa, zinatoa mikia mirefu na kujifanya neva. Kila asubuhi nilizichungulia kwa hadubini kabla hata ya chai.

Nilitaka kujua zikikaa na CBG saa 24, jeni zipi zitaamka. Jeni iliyoamka huacha RNA, yaani nakala ya maagizo yake, nawe unaikamua juu ya barafu, mikono ndani ya glavu, maana vimeng'enya vya vidole vyako huila kabla hujageuka. Kisha unaiachia mashine. Kila mzunguko huzidisha nakala maradufu, na jeni iliyoamka zaidi huonekana mapema.

BDNF, jeni ya protini inayozilea neva, ilionekana mizunguko miwili mapema kuliko kwenye seli ambazo sikuzipa kitu. Mara nne! Usiku uleule nikampigia mama.

Kesho yake msimamizi wangu aliutazama mchoro, asinipongeze.

"Hizi za kulinganishia ulizitilia nini?"

"Hazikupewa kitu."

Nilipolisikia jibu langu mwenyewe, tumbo lilinikata. CBG haikubali maji. Huyeyushwa kwenye ethanoli, ile ya kwenye pombe. Nilizitilia seli sehemu 3 za ethanoli kwa kila 1000, kiasi ambacho mtu akiwa nacho damuni anayumba njiani. Za kulinganishia nikaziacha kavu.

Nikarudia kazi yote, safari hii kila kisahani na ethanoli yake. Ile mara nne ikayeyuka.

"Kwa hiyo bangi haijafanya kitu?" mama aliuliza.

"Bado sijui, mama. Ile ilikuwa pombe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa majirani niwaambie lipi?"