Siku Moja Maishani Mwangu: Kuweka Kibao cha Historia Mikindani

Saa 12:30 asubuhi. Kibao cha leo kinasimama chini ya Boma la Mikindani, mji wa pwani mkoani Mtwara, jengo la utawala la Wajerumani la mwaka 1895. Kwanza nasimama pale atakaposimama msomaji, nione jua linapigia wapi na maji ya mvua yanashukia wapi. Stika ya maandishi tunayobandika kwenye bamba, ikiwa inayong'aa na ikielekea mashariki au magharibi haisomeki nusu ya siku, kwa hiyo tunachapa isiyong'aa.

Saa 2. Maneno. Hapa ndipo kazi ilipo, kuliko hata kwenye zege. Maneno 70 ya Kiswahili yanatosha. Mtu amesimama juani, hasomi kitabu. Neno la kuogopa kuliko yote ni "hapa". "Livingstone alilala hapa" linatufunga kwenye nyumba moja, na bila ushahidi wa nyumba hiyo tunaandika "alifika Mikindani". Mpelelezi huyo Mskoti, David Livingstone, alifika Machi 1866 akianza safari yake ya mwisho. Pamoja naye walikuwemo wasaidizi wake Abdullah Susi na James Chuma, ambao baadaye walikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo baada ya kufariki mwaka 1873. Kibao kinachowaacha hao wawili kimesema nusu ya habari, na majina yao yanapata herufi za ukubwa uleule.

Saa 4. Kufunga. Nguzo zilimwagiwa zege wiki iliyopita, zimeshashika. Bamba ni alumini ya milimita 3, sentimita 60 kwa 90, pembe zimeviringwa zisimkate mtoto. Herufi za kichwa cha habari ni milimita 30 kwa urefu, za maelezo yasishuke chini ya milimita 8. Ukingo wa chini sentimita 75 kutoka ardhini, bamba limelazwa kidogo, ili hata aliye kwenye kiti cha magurudumu asome.

Bolti ni za chuma cha pua kisichoshika kutu kirahisi, daraja la 316, na kila moja ina washa (kipete bapa) ya nailoni. Ukiiruka washa hiyo, alumini na chuma vinagusana kwenye hewa ya chumvi na alumini inaanza kuliwa. Dalili yake ni unga mweupe kuzunguka tundu. Mwishowe tundu linapanuka na kibao kinacheza.

Saa 8 mchana. Kila mara kuna anayeshauri tupigilie ukutani, tuokoe gharama ya nguzo. Hapana. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa: msumari ukishika kutu unavimba na kupasua jiwe, na saruji inafungia unyevu ndani hadi chumvi inabandua lipu. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, kibali kwanza.

Saa 9. Shimo la kibao kinachofuata: sentimita 40 kwa 40, kina 60. Zege moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, utakula nguzo kutokea chini. Juu ya zege tunaacha mteremko maji yasituame. Vikitokea vigae vya vyungu au shanga, jembe linasimama, wahusika wa mambo ya kale wanaarifiwa na shimo linahama.

Saa 11 jioni. Vibao vya zamani vinaoshwa kwa maji baridi ya bomba na kitambaa laini, bila sabuni ya unga, maana inakwangua. Kila kimoja kinapigwa picha kutoka umbali uleule wa mara iliyopita. Nyekundu na njano ndizo zinazotangulia kupauka. Kibao kilichobaki na bluu tupu kinaingia kwenye orodha ya stika mpya.