Siku tatu Cobh na Mama, kwenye nyumba ya wageni ya juu kilimani

Watu wengi wameniuliza kwa nini Mama alipokuja kunitembelea hapa Dublin sikumpeleka hotelini, hasa baada ya kuona zile picha za meza ya asubuhi nilizotuma, basi nimeona niandike hapa yote mara moja maana kumweleza kila mtu kwa voisi siwezi tena. Jibu fupi ni kwamba nilitaka Mama aione Ireland akiwa ndani ya nyumba ya mtu. Jibu refu ndo hili.

Mji wenyewe ni Cobh, kaunti ya Cork, kusini kabisa. Inaandikwa hivyo lakini inatamkwa "Kouv", ukisoma kama ilivyoandikwa watu watakuangalia tu. Ni mji wa bandari uliokaa kwenye kisiwa kinachoitwa Great Island, ila huhitaji boti kufika, toka Dublin unapanda treni stesheni ya Heuston mpaka mjini Cork masaa mawili na nusu hivi, pale Cork unabadilisha treni stesheni hiyohiyo na dakika 25 baadae ushafika, na hizo dakika 25 usilale, reli inapita juu ya maji na pembeni ya maji karibu njia nzima. Ni mmoja wa ile miji wanayoiita miji ya urithi, yani sehemu za zamani wamezitunza, na ukitoka tu stesheni unaelewa kwa nini: mbele yako bandari, nyuma yako kilima kina nyumba za rangi zimepangana kama ngazi, na juu ya zote limesimama kanisa kuu la Mt. Colman ambalo walianza kulijenga 1868 wakamaliza 1919.

Sasa kilima. Hapa naomba mnisikilize vizuri kama mnasafiri na mzazi. Cobh ina miteremko mikali kweli, picha za mtandaoni hazikuonyeshi, na nyumba nyingi za wageni ziko juu kwa sababu huko ndo kwenye mandhari ya bandari. Mama ana matatizo ya magoti. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote nikapiga simu, sio kuandika meseji, kupiga simu, nikauliza vitu vitatu: mna chumba cha chini, kuna ngazi ngapi toka barabarani mpaka mlangoni, na chakula cha asubuhi mnaweza kutupikia bila nguruwe. Yule mama mwenye nyumba akanijibu yote bila haraka, ngazi akaenda kuzihesabu nikiwa bado kwenye simu, nikamsikia anahesabu. Zilikuwa nane. Hapohapo nikajua tunalala kwake.

Nilijifunza kupiga simu kwa machungu. Miaka miwili nyuma, kwenye mji mwingine wa magharibi ambao sitautaja, nilibuku chumba kwa app, nikafika saa tatu na nusu usiku, mlango umefungwa, taa zimezimwa, namba ya kufungulia mlango walisema wametuma kwa imeli na imeli haikufika, nikakaa nje kwenye mvua karibu saa nzima. Kumbe nyumba za B&B (bed and breakfast, yani kulala na chakula cha asubuhi) nyingi zinapokea wageni kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa sababu zinaendeshwa na mtu mmoja au mtu na mumewe, hakuna mapokezi ya usiku kucha, huyo anayekufungulia mlango ndo huyohuyo ataamka alfajiri kukupikia. Ukichelewa mwambie mapema, watu hawa wanaelewa sana, ila lazima ajue.

Tofauti ya maneno nayo inachanganya wengi. B&B kwa kawaida ni nyumba ya familia, mwenyewe anaishi humohumo na anakodisha vyumba vichache. Guesthouse ni kubwa kidogo, ili isajiliwe kwa jina hilo vyumba visipungue 7 na visizidi 30. Ukiona kibao chenye lile jani la kijani la sehemu tatu, shamrock, ujue nyumba imekaguliwa na Fáilte Ireland, ile mamlaka yao ya utalii. Na bei angalieni sana, mara nyingi wanaandika bei ya mtu mmoja mkilala wawili, mtu anaona euro 65 anafurahi kumbe ni 130 kwa chumba, alafu ukienda peke yako wanakuongezea kidogo. Sisi tulilipa 130 kwa usiku kwa wawili na chakula ndani yake, kwa Mei, na kwa mji wa pwani hiyo bei mi naona ni ya haki.

Tulifika saa kumi jioni. Teksi toka stesheni, ni karibu kweli lakini magoti ni magoti. Mlango ulikuwa tayari wazi na harufu ya mkate inatoka mpaka barabarani. Kwa Kiairishi mwanamke mwenye nyumba anaitwa "bean an tí", na huyu alikuwa ndo hiyo picha yenyewe, aproni ina unga, anamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili, mizigo hata sijaitua anatukalisha sebuleni anatuletea chai na skonzi za moto na siagi. Mama hajui Kingereza kingi, mi ndo natafsiri, lakini akaonja chai akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hii chai naijua." Nikamtafsiria mwenye nyumba, akaenda jikoni akarudi na boksi jekundu la Barry's, chai ya watu wa Cork tangu 1901, na kweli kwenye mchanganyiko wao wanatumia majani ya Kenya na Rwanda. Mama aliligeuzageuza lile boksi. Toka hapo kila jioni chai ilikuwa inatengenezwa ya pili kwa ajili yake, nzito, maziwa mengi.

Chumba kilikuwa kidogo, safi, shuka zimepigwa pasi. Kuna birika la umeme na vikombe, plagi zile za miguu mitatu ya bapa. Kitu kimoja kitawasumbua: shawa. Nyumba nyingi za zamani zina shawa inayochemsha maji yenyewe kwa umeme, na kuna kamba nyeupe inaning'inia toka darini, lazima uivute mpaka taa nyekundu iwake, usipovuta unaoga barafu. Na hita za ukutani zinawaka kwa saa maalum, usiku zinazima, ukisikia baridi omba ile chupa ya mpira ya maji ya moto, hawaoni ajabu kabisa, Mama alikuta yake imeshawekwa kitandani ndani ya kifuko cha sufi. Dirisha lilikuwa linatazama kusini bandarini, kwa hiyo kibla kilikuwa kushoto ya dirisha, na mwenye nyumba alipoona Mama anatandika msala akasogeza kiti bila kusema neno na kesho yake kile kiti hakikurudi pale.

Sasa asubuhi. Meza inaandaliwa saa mbili mpaka saa tatu na nusu. Chakula chao cha asubuhi cha Kiairishi ni soseji, bekoni, mayai, uyoga, nyanya, na vile vipande vya mviringo vyeusi na vyeupe, pudini wanaita. Nyeusi ina damu ya nguruwe. Nawaambia wazi kwa sababu ukiiangalia huwezi kujua, na soseji zao pia kwa kawaida ni nguruwe, mwenye nyumba hatokutajia kama hujamuuliza maana kwake ni kitu cha kila siku. Kwa sababu nilishaomba kwenye simu sisi tulipata uji wa oti na asali, mayai, uyoga aliokaanga kwenye sufuria ya peke yake, na samaki samoni wa moshi aliyekatwa mwembamba. Akatuonyesha na sufuria yenyewe, akasema hii haijagusa kingine.

Lakini Mama mawazo yake yote yalikuwa kwenye mkate. Ule mkate wa kahawia, mzito, umekatwa msalaba juu kabla haujaingia ovenini, ukiubana una unyevu kidogo ndani na ganda linavunjika. Akauliza hamira ipo wapi. Hamna hamira! Ni unga wa ngano usiokobolewa, chumvi, magadi ya kuokea, na maziwa yaliyobaki baada ya kutoa siagi, yale yenye uchachu kama mtindi, uchachu ukikutana na magadi ndo unaoumua mkate, kwa hiyo hukandi, ukikanda unauharibu, unauchanganya haraka kwa mkono ulioachanisha vidole kama makucha unauweka ovenini palepale. Siku ya pili Mama aliamka mapema akaenda jikoni. Mi nilipotoka kuoga nikawakuta wawili wote mikono ina unga hadi kwenye kiwiko, hakuna mkalimani, wanaonyeshana tu. Hoteli gani ingemruhusu mgeni aingie jikoni?

Na ilikuwa pale mezani ndo tuliambiwa Cobh ni nini hasa. Mi nilikuwa nimesoma habari za Titanic kama kila mtu, kwamba tarehe 11 Aprili 1912 ilisimama hapa kwa mara ya mwisho, wakati huo mji ukiitwa Queenstown, na watu 123 walipanda hapa, 113 kati yao wa daraja la tatu. Meli ilikuwa kubwa ikatia nanga nje, watu wakapelekwa kwa vyombo vidogo toka gati ambalo mabaki yake bado yapo, utayaona chini pale kwenye jumba la maonyesho. Hiyo nilijua. Ambacho sikuwahi kukifikiria ni swali alilouliza yule mama akimimina chai: unadhani usiku uliotangulia walilala wapi?

Walilala kwenye nyumba za wageni. Toka miaka ya njaa kuu ya Ireland, katikati ya miaka ya 1800, mpaka karne iliyofuata, kama watu milioni mbili na nusu waliondoka Ireland kupitia bandari hii, na wengi walikuwa watu wa vijijini waliofika kwa treni siku moja au mbili kabla ya meli, wakalala kwenye vyumba vya kupanga hapahapa mjini, wengine wakiwa na ndugu waliowasindikiza. Usiku wao wa mwisho ulikuwa kwenye kitanda cha kulipia, na anayewapa chai asubuhi ni mwanamke wa mji huu. Mbele ya stesheni kuna sanamu ya binti Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume, yeye ndo mhamiaji wa kwanza kupita Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji kule New York, siku kilipofunguliwa, tarehe 1 Januari 1892. Wamesimama kando ya maji. Mama aliushika mkono wa yule mdogo wa shaba akakaa pale muda mrefu kuliko alivyokaa sehemu yoyote ya makumbusho.

Siku hiyohiyo tukachukua teksi mpaka makaburi ya Old Church, nje kidogo ya mji. Mei 1915 meli ya abiria ya Waingereza, Lusitania, ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijerumani karibu na pwani hii, wakafa karibu watu 1,200, na waliookolewa na maiti wengi waliletwa hapa. Kuna makaburi matatu ya pamoja. Waliokuwa hai walilazwa hospitalini na kwenye mahoteli na nyumba za wageni za mji mzima, wamelowa, wengine hawajui watoto wao wako wapi. Mama aliomba dua pale. Jioni alipomwambia mwenye nyumba tulikotoka, yule mama aliacha alichokuwa anafanya akakaa naye, hawakuongea.

Mengine nitapita haraka. Kanisa kuu lina kengele 49 zinazopigwa kama kinanda, kaeni nje kwenye ukuta msikilize, bure kabisa. Kisiwa cha Spike mnaenda kwa boti toka gati la Kennedy, kilikuwa gereza kubwa toka 1847, kinahitaji kutembea sana hivyo Mama hakwenda, nilikwenda peke yangu na sijutii. Na kuna sanamu ya mkimbiaji Sonia O'Sullivan, mzaliwa wa hapa, aliyechukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Sydney 2000, sisi tunaopenda riadha lazima tupige picha.

Jambo la kuangalia: vyumba vilikuwa vigumu kupata toka 2022, nyumba nyingi nchini zilichukuliwa kwa mkataba na serikali kuwahifadhi wakimbizi toka Ukraine, na nyingine zinafunga kabisa majira ya baridi. Hii yetu inafunga Novemba mpaka katikati ya Machi. Ulizia mapema.

Asubuhi ya kuondoka yule mama alimpa Mama mkate mzima umefungwa kwenye kitambaa cha jikoni, na kikaratasi chenye vipimo, vikombe vimechorwa badala ya kuandikwa. Kitambaa tulikifua tukakirudisha kwa posta. Mama ameshaoka mara tatu kwangu Dublin kabla hajaondoka, wa kwanza ulikaza kwa sababu aliukanda, wa tatu ulitoka wenyewe. Kaniagiza nimuombee chumba kilekile cha chini Mei ijayo. Nimeshapiga simu, nikasikia kurasa za kitabu zinafunguliwa, na penseli inaandika.