Bareli ya klarineti: kutoka 65 hadi 67

Wiki ya 1
Mwalimu wa kwaya kanigeukia tena katikati ya wimbo. Baada ya ibada akanivuta pembeni: "Kaka, uko juu. Kinanda hakiwezi kukufuata."

Kweli. Kanisa letu hapa Dar ni la bati. Ikifika saa nne asubuhi hewa ndani ya klarineti imeshachemka, na hewa ya moto hupandisha sauti. Bareli yangu, kile kipande kifupi kinachokaa chini ya kidomo cha kupulizia, ni ya plastiki, milimita 65. Tyuna ya simu, ile programu ya kupimia sauti, inaonyesha noti ya G ya wazi (vidole vyote juu) imezidi senti 20, E ya chini kabisa 15. Senti hapa ni sehemu moja ya mia ya nusu toni.

Dawa yangu ya siku zote ni kuichomoa kidogo. Nimeichomoa milimita 3: E imebaki juu kwa senti 6, G imeporomoka hadi 5 chini. Vidole vyote vikiwa juu, bomba linalolia ni fupi, hivyo milimita moja ni sehemu kubwa yake. Kwenye E bomba zima linafanya kazi, milimita hiyohiyo haionekani sana. Isitoshe, kuchomoa kunaacha pengo kwa ndani. A iliyo juu ya ile G, dhaifu tangu zamani, sasa inalia kama mtu anapuliza chupa ya soda.

Wiki ya 2
Imefika bareli ndefu zaidi, ya milimita 67, ya mpingo. Mti wa kwetu umeenda kuchongwa Ulaya, umerudi na bei ya Ulaya. Haya. Korki, ile inayozunguka maungio, ilikuwa imebana, nikalazimisha, ikang'ang'ania hadi kesho yake. Safari nyingine grisi kwanza. Mbao ni mpya, kwa hiyo napiga robo saa tu kwa siku na kuifuta ndani isije ikapasuka.

Wiki ya 4
Nimeichomoa nusu milimita tu: G +2, E +7. Hiyo E nikaishusha kwa kuachia kiungo cha kati, pale kipande cha juu kinapoungana na cha chini, milimita moja, ikafika +4. Kiungo cha kati hakiigusi G kabisa. Miaka yote nimekuwa nikiinyanyasa bareli peke yake! Ila usizidishe, kile kidaraja cha funguo kati ya vipande hivyo viwili kinapotea mahali pake.

Na A? Imejaa zaidi, pengo karibu limekwisha. Nikiongeza vidole viwili vya mkono wa kulia inatulia kabisa.

Nilitaka sana kuamini ni mpingo. Mpiga kinanda akatazama ukutani, nikambadilishia bareli mara sita, ya plastiki nikiifungia pete ya kuziba pengo, naye ataje ipi ni ipi. Kakosea mara nne.

Jumapili Mwalimu hakugeuka. Noti za juu bado zinapanda kwenye wimbo wa mwisho, midomo ikishachoka. Wiki ijayo najaribu mwanzi (kile kipande chembamba kinachotetema kwenye kidomo) laini kidogo, bareli nisiiguse.