Siku ya kazi, siku ya kliniki

Saa 11:00 alfajiri. Ninaamka saa hii siku zote, Jumapili ikiwemo, kwa kuwa ninaishi na ugonjwa wa baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, na kulala ovyo ovyo ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuuamsha. Baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ni kali. Ninakunywa uji kwanza, ndipo ninameza valproeti, dawa yangu ya kutuliza hisia, maana ikimezwa bila chakula husumbua tumbo.

Saa 2:00 asubuhi. Ninafungua chumba changu cha ushonaji Mwanjelwa na kuendelea na sare za shule. Mama mmoja aliyemleta mtoto kupimwa anamzungumzia jirani yake asiyetoka kitandani wala kuoga, na kusema kwamba mtu huyo ni wa kupelekwa Mirembe tu, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Ninamweleza kwa heshima kwamba huenda jirani huyo ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali inayodumu, kwamba anaweza kuanzia hapa hapa Mbeya, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na kwamba Mirembe yenyewe ni hospitali ambako watu hutibiwa wakarudi makwao. Ananyamaza kidogo, kisha ananiuliza mgonjwa akifika huko aanzie wapi. Swali lake limenifurahisha sana, kwa sababu wengi huchelewa kutafuta matibabu kwa kuona aibu.

Saa 5:00. Msaidizi wangu anabaki na kazi, nami ninakwenda kliniki pamoja na mume wangu, aliyeacha viazi vyake shambani ili tusikilize wote wawili. Muuguzi anatuingiza faragha na kuniuliza ninalala saa ngapi, uzito umeongezeka kiasi gani, na kama mikono inatetemeka. Inatetemeka kidogo, na kwa fundi cherehani hilo si jambo dogo, analiandika. Kwangu mimi, huduma bora huanzia kwenye maswali ya namna hii.

Ninamwambia daktari kwamba tunataka mtoto. Kituo nilikoanzishiwa dawa hii kilinieleza saa za kumeza tu. Habari ya ujauzito haikutajwa kabisa, ingawa nilikuwa mwanamke kijana aliyekwisha kuolewa. Daktari anaeleza bila kutuharakisha: kati ya watoto 10 ambao mama zao walitumia valproeti wakiwa wajawazito, kama 1 huzaliwa na kasoro kubwa za maumbile, na 3 hadi 4 huweza kupata matatizo ya ukuaji na ya kujifunza. Hata hivyo nisiiache ghafla, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Tutaendelea na uzazi wa mpango, nibadilishiwe dawa polepole, tuangalie kama hali imetulia, na nianze asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Mume wangu anauliza atatambuaje mapema kwamba ninaanza kuugua. Anajibiwa aangalie nikianza kupunguza usingizi bila kuchoka, kuzungumza mfululizo, au kununua vitambaa kwa mkopo bila hesabu, na asisubiri tarehe ya kliniki bali anilete mara moja.

Saa 9:00 alasiri. Nimerudi kazini. Mteja anataka suti ishonwe usiku huu, kwa malipo ya ziada. Ninakataa na kumwelekeza kwa fundi mwenzangu.

Saa 12:00 jioni ninafunga, ninapanda daladala.

Saa 2:00 usiku. Baada ya chakula mume wangu anamweleza mama yake, anayesubiri mjukuu kwa hamu, kwamba tutangoja hadi dawa ibadilishwe, na kwamba daktari ametuonya kuwa majuma ya kwanza baada ya kujifungua ni ya hatari zaidi kwa mgonjwa wa baipola, hasa akikosa usingizi. Mama mkwe anasikiliza hadi mwisho, kisha ananigeukia: "Basi mwanangu, usiku mtoto atakuwa wangu. Wewe utalala."

Ninaliandika hilo katika daftari la kliniki, ili daktari aliingize kwenye mpango wetu, pamoja na swali la kunyonyesha ambalo leo hatukulifikia. Ninameza dawa ya usiku, na saa 3:00 ninalala.