Kumbukumbu ya mradi: mkao wa wapiga taarab, wiki ya 1 hadi ya 6

Kundi ni la watu sita: wapiga udi wawili, mpiga kanuni mmoja, wapiga fidla wawili na mwimbaji. Lengo ni kumaliza mazoezi ya saa mbili bila shingo kukaza na bila bega la kulia kuwaka moto. Agizo la "kaa wima" tulilipiga marufuku tangu siku ya kwanza. Ukimwambia mtu akae wima hutunisha kifua na kukaza kiuno, na dakika tano baadaye amechoka na kujikunja kuliko alivyokuwa.

Wiki ya 1. Kupima tu, hakuna kumrekebisha mtu. Simu iliwekwa juu ya kigoda, usawa wa kifua cha aliyekaa, mita 3 ubavuni kwake, na uzi wa timazi ukaning'inizwa ndani ya picha. Bila timazi, simu ikiinama kidogo picha inadanganya. Tunalinganisha dakika ya kwanza na ya kumi: tundu la sikio liko wapi ukilipima na ncha ya bega? Kwa wapiga udi lilikuwa limetangulia mbele upana wa vidole vinne. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5, na kikitangulia hivyo, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayobeba shughuli nzima.

Wiki ya 2. Tulipozirudia picha polepole, chanzo kilionekana chini kabisa: kiti. Viti vyetu ni vile vya plastiki vya harusini, na kalio la kiti kile limeinamia nyuma. Weka pimamaji juu yake utaona. Ukikaa, nyonga zinabiringika kwenda nyuma, mgongo wa chini unajikunja, na kichwa hakina budi kutangulia mbele ili macho yaone nyuzi.

Kwanza kila mtu aliitafuta mifupa yake ya kukalia. Kalia viganja vyako vikiwa vimetazama juu, halafu biringisha nyonga mbele na nyuma polepole. Utahisi ncha mbili ngumu zikikanyaga vidole. Zinapokanyaga moja kwa moja chini, hapo ndipo pa kukalia; toa mikono na ubaki hapo hapo.

Kisha tukainua nyuma ya kiti. Sponji haifai, inabonyea na baada ya robo saa umerudi shimoni. Kanga mbili zilizokunjwa hadi unene wa sentimita 4, zikawekwa nusu ya nyuma ya kalio la kiti, zilifanya kazi vizuri. Vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma pia vinafaa, sentimita 2 hadi 3, ila kwenye sakafu ya marumaru miguu ya plastiki inateleza na kutanuka. Gundisha chini ya kila kipande mpira wa kandambili kuukuu. Kipimo ni magoti kuwa chini kidogo ya nyonga. Mmoja aliinuliwa sentimita 6: akawa anateleza mbele, mapaja yakabana, kiuno kikaingia ndani. Tukamshusha.

Wiki ya 3 na ya 4. Shingo. Watu wengi huitikia "ndiyo" kwa kukunja shingo pale kwenye pingili kubwa inayotokeza juu ya mgongo. Kiungo chenyewe kiko juu zaidi, kati ya masikio. Gusa nyuma ya ncha za masikio, kisha tikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayekubali kimoyomoyo. Kosa la kawaida ni kuvuta kidevu ndani. Koo linabanwa na sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba papo hapo.

F. M. Alexander, msomaji wa mashairi jukwaani aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa akipoteza sauti. Alijitazama kwenye vioo akaona kwamba kila alipotaka kuanza alirudisha kichwa nyuma na kuvuta pumzi kwa kishindo. Hitilafu inaingia *kabla* ya noti ya kwanza, na kwetu ni vivyo hivyo. Zoezi: inua risha (kipande cha kupigia nyuzi za udi), usipige. Sikiliza shingo, taya na pumzi. Katika mara tano, piga mara mbili tu. Zoezi hili linaudhi, lakini ndilo lililobadilisha picha zetu kuliko yote.

Kila siku pia dakika 10 chali kwenye mkeka, magoti yakiwa juu, nyayo chini, macho wazi, kitabu cha sentimita 2 hadi 5 chini ya kichwa. Kitabu kikiwa chembamba mno kidevu kinapanda; kikiwa kinene mno kinabana koo. Kitandani hapana, godoro linameza mgongo.

Wiki ya 5. Udi una mgongo wa duara na unateleza, kwa hiyo mkono wa kulia unaukumbatia na bega linapanda. Kipande cha mpira wa kuzuia zulia kuteleza, sentimita 20 kwa 20, juu ya paja la kulia, kilimaliza nusu ya tatizo. Usiulaze udi uso ukatazama juu ili uone vidole; kifundo cha mkono wa kushoto kinapinda vibaya. Shusha macho kwanza, kichwa kifuate kidogo. Risha inapotetemeka kwa kasi, mpigaji ahesabu kwa sauti: akinyamaza, ujue amebana pumzi.

Wiki ya 6. Mwimbaji alikuwa akifunga magoti, uzito wote visiginoni. Tulimwomba alegeze magoti kiasi kisichoonekana chini ya gauni na alete maikrofoni mdomoni, mdomo usiifuate maikrofoni. Gauni la jukwaani lilikuwa linabana mbavu za chini. Fundi aliachia sentimita 5 mishononi.

Ganzi ya vidole, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku, hatuyagusi kwa mazoezi. Huyo anakwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Bado fidla: mto wa begani wa mmoja ni mfupi, anauziba mwanya kwa kuinua bega. Wiki ijayo tunakata sponji ngumu ya sentimita 3 na kuijaribu chini ya mtulinga.