Spana kubwa ya gari la nyumbani: niliyoikataa Mwanga na niliyoondoka nayo

Gari langu ni Corolla ya zamani, ile ya 110, na kazi yake kubwa ni barabara ya Uvinza. Nafuata chumvi ya duka langu hapa Gungu, Kigoma, na siku nyingine narudi na madumu ya mawese ya watu. Chumvi ikimwagika kwenye buti haibaki kwenye kapeti. Inavuta unyevu, inashuka na maji, inakwenda kulala kwenye nati. Kwa hiyo mtu wa Dodoma akiniambia nati za gari lake anazifungua kwa spana iliyokuja na gari, namsikiliza tu.

Safari hii ilikuwa sivi jointi ya mbele kushoto, yaani kile kiungo cha shafti inayozungusha tairi. Nikikata kona inalia tak-tak-tak, hadi abiria wananitazama. Kuibadilisha mwenyewe si kazi ya ajabu, ila kuna nati moja inayowarudisha watu wengi gereji: ile inayofunga shafti katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, namba 30 (milimita 30). Kiwanda kinataka ikazwe kwa 216 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukiwa na spana ya inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, uning'inize kilo 73 kwenye ncha yake ndipo uipate nguvu hiyo. Na hapo kutu sijaihesabu.

Nikashuka sokoni Mwanga. Kijana wa duka la vifaa akanipa shikamoo ya heshima kabisa, kisha akanitolea spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ya inchi 18, nyekundu, nzito.

"Mzee, hii utafungua mpaka treni."

"Mwanangu, treni sina. Nipe nati namba 30 tuijaribu."

Akatafuta, akaleta. Nikaibana nati mdomoni, nikaskrubu kigurudumu chake cha kubana hadi kikagoma, kisha nikaiinua juu kwenye jua la mlangoni. Nuru ilikuwa inapita kati ya taya na ubavu wa nati. Nikaitikisa, taya inayotembea ikacheza. Spana ya namna hiyo ukiivuta kwa nguvu inakwenda kukaa kwenye pembe za nati, na nati yenye kutu pembe zake zikishalika, kinachofuata ni patasi na nyundo. Halafu kuna jambo ambalo yule kijana hakulifikiria: nati ya shafti imezama ndani ya habu. Kichwa kinene kama kile hakiingii. Linaingia boksi tu, ile spana ya kikombe inayoivaa nati kwa juu.

Sisemi spana malaya haina kazi. Ninayo ya inchi 10 na naipenda, hasa kushikilia upande mmoja wakati upande wa pili unafunguliwa. Ukiitumia, igeuze ili mkono uvutwe kuelekea upande wa taya inayotembea, maana mzigo unatakiwa ubebwe na taya iliyosimama. Wengi wanaigeuza kinyume, taya inalegea, wanailaumu China.

Akanionyesha na spana ya bomba, yenye meno. Hiyo sikuigusa. Meno yale yametengenezwa yang'ate chuma cha mviringo, na ukiyapeleka kwenye nati unayotaka kuirudishia, umeshainunulia mrithi.

Nilichochukua ni vitu viwili. Cha kwanza ni boksi la namba 30 lenye pembe sita ndani. Ya pembe kumi na mbili yalikuwepo, tena yanang'aa zaidi, lakini la pembe sita linashika ubavu wa nati wakati lile jingine linashika karibu na kona. Cha pili ni mkono wa boksi usio na racheti (yale meno ya ndani yanayouacha mkono urudi nyuma bila kuzungusha nati), wa nusu inchi kwenye ncha inayoingia boksini, urefu sentimita 60, kichwa chake kinakunjika. Racheti ni ya kuharakisha kazi nati ikishalegea. Kulegeza nati iliyoganda kwa racheti ni kuyaua meno yake madogo ya ndani. Mkono wa robo tatu nao ulikuwepo, na kwa mwenye Fuso ningesema achukue huo. Kwa gari dogo nusu inchi inatosha, mradi usiupande kwa miguu.

Jioni nilitoa kikofia cha rimu, nikanyoosha pini inayoizuia nati isijifungue na kuitoa pamoja na kile kikofia cha bati kinachofunika nati, nikapaka dizeli, nikalala. Asubuhi gari likiwa chini kwa matairi yote manne, mawe mbele na nyuma, mpwa wangu akakanyaga breki. Nikachomeka bomba la maji juu ya mkono nipate mita moja, nikavuta kuja kwangu. Ikalia kwaa! Mpwa akaachia breki kwa woga, akadhani kuna kitu kimevunjika. Ikishalegea kidogo basi, acha hapo, piga jeki ndipo uendelee. Usilisukume gari huku nati imelegea, utaumiza beringi.

Kukaza ndiko kulikonipa raha. Spana ya kupima nguvu sina, lakini nina duka, na dukani nina mizani ya kuning'iniza. Nikatia alama kwenye bomba, mita moja kamili kutoka katikati ya nati. Nikaliweka bomba wima, nikafunga kamba kwenye alama, nikaingiza ndoano ya mizani, nikavuta kwa usawa hadi mshale ukasoma kilo 22. Kilo 22 kwa mita moja ni hizo 216 Nm. Bomba lazima lisimame wima, la sivyo uzito wake nao unaingia kwenye hesabu, na kamba ivutwe pembe mraba na bomba. Nati za tairi zinataka 103 Nm, na kwa mkono wa sentimita 60 peke yake hiyo ni kilo 17 na nusu. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza kama sasa tunauza magari kwa kilo.

Mkono ulinigharimu shilingi 35,000, boksi mbali. Namba hizi ni za Corolla yangu. La kwako soma kitabu chake kabla hujatoa hela. Na mwenye Hilux ya zamani ya fowili, inayovuta kwa matairi yote manne, asije kuniazima boksi: nati ya habu ya mbele kwenye ile ni namba 54, ni nyembamba, ziko mbili zimefuatana, na boksi lake linauzwa peke yake.